Watawala wa milki ndogo za Ujerumani katika karne ya 18: je, walikuwa na mamlaka kamili juu ya raia wao?

Msomi wa Wete aliuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Wengi wetu visiwani tunajua kwamba Sayyida Salme binti Said, baada ya kuondoka Unguja mwaka 1866, aliishi Hamburg, kisha Dresden, Rudolstadt na Berlin, na kwamba alifariki Jena mwaka 1924. Nilipokuwa nikiwaandalia wanafunzi wangu ramani ya miji hiyo, nilitaka kuwaonyesha pia ilikuwa chini ya nani katika karne ya 18, na hapo nikakutana na jambo ambalo vitabu vyetu vya kiada havilizungumzii hata kidogo. Hamburg ilikuwa jamhuri ya wafanyabiashara. Dresden ilikuwa makao ya mtawala wa Saksonia, na Berlin ya mfalme wa Prussia. Rudolstadt, mji mdogo tu ulio chini ya kilima chenye kasri, ulikuwa na mtawala wake wa ukoo wa Schwarzburg, na Jena ilikuwa chini ya duki (cheo cha mtawala aliye chini ya mfalme) wa Weimar. Miji mitano ya watu wanaosema lugha moja, na kila mmoja una mwenyewe.

Sisi hapa Pemba tunasomesha historia ya Ujerumani kuanzia Mkutano wa Berlin wa 1884, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Ningependa wenye elimu ya jambo hili wanisaidie kuelewa mambo matatu. Watawala hao walitokana na nini hata wakawa wengi namna ile? Je, walikuwa huru kabisa, au hali yao ilifanana na ya Mwinyi Mkuu wa Dunga, ambaye aliendelea kuwatawala Wahadimu huku Sultani akiwa juu yake? Na milki yenye watu wachache kiasi hicho ilipata wapi fedha za kujenga makasri, kuajiri wanamuziki na kuweka askari? Swali la tatu ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu kila nikitazama picha za makasri hayo namfikiria mkulima aliyelipa.

Mzee wa Malindi alijibu:

Wa alaykum salaam, Maalim. Nitajibu la kwanza na la pili, na la fedha nitawaachia wengine, kwani najua humu wamo walio mahodari wa mambo hayo kunishinda.

Nchi inayoitwa Ujerumani leo, pamoja na sehemu za majirani zake, ilikuwa ndani ya Dola Takatifu la Kirumi, ambalo kichwa chake alikuwa Kaizari, kwa desturi mtu wa ukoo wa Habsburg aliyekaa Vienna. Kaizari alichaguliwa na watawala wachache wakubwa wenye haki hiyo. Hakumiliki nchi yote, bali alikuwa mkuu juu ya mamia ya watawala waliokuwa na ardhi yao, kodi yao na mahakama zao. Baada ya Vita vya Miaka Thelathini, mkataba wa Westphalia wa mwaka 1648 uliwathibitishia haki ya kuendesha mambo ya ndani na hata kufunga mikataba na mataifa ya nje, mradi isiwe dhidi ya Kaizari na Dola. Kwa hesabu ya kawaida milki hizo zilikuwa takribani 300, bila kuwahesabu mamwinyi wadogo wa mashambani, ambao kila mmoja alikuwa na kijiji kimoja au viwili na hakumtambua mkubwa mwingine ila Kaizari mwenyewe. Wengine hawakuwa watu wa kurithi kabisa: maaskofu wa Würzburg na Bamberg walichaguliwa na makasisi wenzao, na wakishachaguliwa walitawala kama duki yeyote. Hata wakuu wa nyumba za watawa wa kike, kama Quedlinburg na Essen, walikuwa wanawake wenye ardhi, raia na nafasi katika Baraza la Dola lililokaa Regensburg tangu mwaka 1663.

Sababu kubwa ya wingi huo ni mirathi. Kwa karne nyingi koo za kitawala ziliigawa nchi baina ya wana wa kiume, kama shamba la mikarafuu linavyogawiwa warithi hadi kila mmoja akabaki na mistari michache asiyoweza hata kuilipia wachumaji. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ernst wa Gotha, aliyefariki mwaka 1675 na kuacha wana saba. Mwaka 1680 walikubaliana kugawana, na nchi ya baba yao ikazaa milki saba: Gotha, Coburg, Meiningen, Römhild, Eisenberg, Hildburghausen na Saalfeld. Baadhi ya matawi hayo yalikatika kwa kukosa mtoto wa kiume, na ndugu waliobaki wakashitakiana miaka na miaka kwa ajili ya urithi wake. Kufikia karne ya 18 koo nyingi zilikwisha kuweka kanuni kwamba kifungua mimba wa kiume ndiye anayerithi yote, lakini vipande vilivyokwisha kukatwa havikuunganika tena kwa urahisi.

Kuhusu Mwinyi Mkuu, mfano wako una ukweli ndani yake, lakini kuna tofauti ambayo naiona ni kubwa. Mtawala mdogo wa Kijerumani alikuwa chini ya sheria iliyoandikwa, na raia wake waliweza kumshitaki. Zilikuwepo mahakama mbili za Dola: moja katika mji wa Wetzlar, na nyingine ni baraza la Kaizari huko Vienna. Ile ya Wetzlar ilisifika kwa uzito wake, kiasi kwamba kesi iliweza kuishi muda mrefu kuliko walioifungua. Hata hivyo zilifanya kazi. Duki Karl Leopold wa Mecklenburg-Schwerin aligombana na wenye ardhi wa nchi yake juu ya kodi na majeshi, wakamshitaki, na Kaizari akaagiza majeshi ya majirani yaingie nchini mwake kutekeleza hukumu. Mwaka 1728 akaondolewa madarakani. Mtawala mwingine, Karl Magnus wa Rheingrafenstein, alijenga kasri lililomshinda uwezo, akakopa kwa kughushi ridhaa za raia wake ili wao ndio wawe wadhamini wa deni. Mwaka 1775 alihukumiwa kifungo cha miaka 10, akatiwa katika ngome ya Königstein.

Nataka wanafunzi wako walione hilo, Maalim: mtu mwenye taji, mwenye askari wake na mahakimu wake, akifungwa jela kwa kughushi.

Lakini nisikupotoshe. Sheria ilimfikia mdogo kwa urahisi zaidi kuliko mkubwa. Mfalme wa Prussia naye alikuwa mwanachama wa Dola, na hakuna aliyemtia ngomeni.

Binti Mkoani alijibu:

Shukrani, Mzee wangu, kwa maelezo yaliyokamilika. Naomba nilichukue swali la fedha, kwa sababu nimelisoma kwa miaka na sioni kwamba linaelezwa kwa haki.

Mapato ya kawaida ya mtawala yalitoka katika mali yake mwenyewe: mashamba, misitu, vinu vya kusaga nafaka, machimbo, viwanda vya chumvi na vya pombe, pamoja na ushuru wa barabara na mito. Kodi ilikuwa jambo jingine, kwani katika nchi nyingi ilihitaji ridhaa ya baraza la wenye ardhi, makasisi na miji. Mkulima alilipa pande zote mbili, na juu ya hayo alidaiwa siku za kazi bila ujira. Msimu wa kuwinda ulipofika aliitwa kuwafukuzia wanyama mabwana, na nguruwe mwitu wakila mazao yake hakuruhusiwa kuwaua. Kwa mapato hayo mtawala wa watu 50,000 aliweza kuishi vizuri kama tajiri wa mashambani. Hakuweza kuishi kama mfalme wa Ufaransa, na wengi wao walitaka kuishi kama mfalme wa Ufaransa.

Pengo hilo lilizibwa kwa askari. Mtawala aliandikisha vijana wa nchi yake, akawafundisha vita, kisha akawakodisha kwa taifa lenye fedha. Uingereza ilipokabiliwa na uasi wa makoloni yake ya Marekani, ilifunga mikataba kuanzia mwaka 1776 na watawala sita: wa Hessen-Kassel, Hessen-Hanau, Braunschweig, Waldeck, Ansbach-Bayreuth na Anhalt-Zerbst. Kwa jumla walipelekwa takribani askari 30,000, na zaidi ya nusu yao walitoka Hessen-Kassel peke yake, kwa Friedrich wa Pili. Maelfu hawakurudi tena, baadhi yao wakiwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi, na wengine wakiwa wamebaki huko kwa hiari yao.

Mkataba wa Braunschweig ulikuwa na kifungu ambacho kila nikikisoma mwili unanisisimka. Uingereza ililipa kiasi maalumu kwa kila askari aliyeuawa, na majeruhi watatu walihesabiwa sawa na maiti mmoja. Fedha hiyo haikwenda kwa mjane. Ilikwenda kwa hazina ya duki.

Walioandikishwa si wote walikuwa wenyeji. Johann Gottfried Seume, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu, alikuwa mwanafunzi wa Leipzig aliyekuwa safarini mwaka 1781 alipokamatwa na waandikishaji wa Hessen, akapelekwa Halifax, Kanada, kupigania jambo lisilomhusu. Na watu hawakunyamaza. Mwezi wa Machi 1777 vikosi vya Ansbach na Bayreuth vilifika Ochsenfurt, vikapakiwa katika majahazi ya mtoni kwa msongamano mkubwa, na askari wakaasi, wakashuka ukingoni kwa nguvu. Mtawala wao, Alexander, alipanda farasi usiku kuwafuata, akazungumza nao, akawarudisha majahazini na kuwasindikiza mwenyewe njiani. Mwaka 1791 mtu huyohuyo aliikabidhi nchi yake nzima kwa Prussia kwa malipo ya kila mwaka, akahamia Uingereza na kuishi huko hadi kufa kwake. Raia hawakuulizwa mara ya kwanza, wala hawakuulizwa mara ya pili.

Msomi wa Wete, umesema kwamba ukitazama picha za makasri unamfikiria mkulima. Mfikirie na mwanawe.

Jambiani Kusini alijibu:

Dada yangu Binti Mkoani amesema kweli na sipingi hata neno moja la ushahidi wake. Ninachokihofia ni kwamba wanafunzi watabaki na sura ya aina moja ya mtawala, ilhali katika milki zile tabia ya mtu mmoja ilibadilisha maisha ya watu kwa upesi ambao haukuwezekana katika nchi kubwa. Mtawala aliweza kuizunguka nchi yake kwa siku chache, na aliyetaka kuitengeneza alikuwa na nafasi ya kuyaona matokeo kwa macho yake.

Karl Friedrich wa Baden alitawala tangu mwaka 1738 hadi 1811. Aliondoa mateso katika mahojiano ya washitakiwa mwaka 1767, na mwaka 1783 akaondoa utwana, yaani hali ya mkulima kufungwa kwa bwana wake asiweze kuoa wala kuhama bila kulipa. Leopold Friedrich Franz wa Anhalt-Dessau alifungua bustani zake za Wörlitz kwa kila mtu, akamkaribisha mwalimu Basedow kuanzisha mwaka 1774 shule ambayo watoto walijifunza kwa mchezo, mazungumzo na kazi za mikono badala ya viboko. Huko Köthen, Leopold, ambaye nchi yake ilikuwa ndogo mno, alikuwa na kikundi cha wanamuziki hodari, na Johann Sebastian Bach alikiongoza kuanzia 1717 hadi 1723. Sehemu kubwa ya muziki wa ala wa Bach unaopigwa duniani leo ni ya miaka ile.

Weimar ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Duki alifariki mwaka 1758, akamwacha mjane wake Anna Amalia akiwa na umri wa miaka 18 tu, na mtoto mchanga. Aliikaimu nchi iliyokuwa na madeni, katikati ya vita vya miaka saba, hadi mwanawe Carl August aliposhika madaraka mwaka 1775. Aliipa maktaba ya kasri jengo lake na kuifungua kwa wasomaji, akamwita mshairi Wieland awe mwalimu wa mwanawe. Carl August naye akamwita mwandishi Goethe, kisha mwandishi mwenzake Herder. Schiller alikuja baadaye. Mji ulikuwa na watu wapatao 6,000. Na Goethe hakukaa pale kutunga mashairi tu: alisimamia machimbo ya Ilmenau, barabara, mambo ya jeshi na baadaye hazina, na katika kazi hiyo alipunguza idadi ya askari kwa sababu nchi haikuweza kuwalipa. Linganisha na Kassel, ambako askari ndio waliokuwa bidhaa.

Binti Mkoani alijibu:

Ndugu yangu wa Jambiani, nakushukuru, lakini hata Weimar usiipite haraka. Mwaka 1783 mtumishi mmoja wa ndani, Johanna Höhn, alihukumiwa kifo kwa kumuua mtoto wake mchanga. Carl August alikuwa akifikiria kuiondoa adhabu hiyo kwa makosa ya aina ile, akawataka washauri wake watoe maoni kwa maandishi. Goethe aliunga mkono kuibakisha. Binti huyo alikatwa kichwa mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Nalitaja kwa sababu hoja yako ni kwamba tabia ya mtu mmoja iliweza kubadilisha mambo, na hapa tunaona duki aliyekuwa tayari kubadilisha, akarudishwa nyuma na mshauri anayesifiwa kuliko wote.

Na hata wema wa Friedrich wa Hessen-Kassel ulikuwepo. Jumba la makumbusho alilolijenga Kassel, lililofunguliwa mwaka 1779, ni miongoni mwa ya kwanza Ulaya kujengwa kwa ajili ya umma. Lilifunguliwa askari wake wakiwa bado vitani Marekani. Siwezi kulitenganisha jumba lile na mkataba ule, kwani aliyejenga na aliyetia saini ni mtu mmoja na hazina ni moja.

Jambiani Kusini alijibu:

Nakubali kuhusu Höhn, na ninaona inafaa wanafunzi waisome kesi hiyo pamoja na habari za maktaba. Lakini kuhusu hazina ya Kassel nina la kuongeza. Fedha ya askari haikuishia katika mawe ya kasri. Ilikopeshwa kwa watawala wengine na kuzaa faida. Mtoto wa Friedrich, Wilhelm, alipokuwa bado mtawala wa Hanau, alimfanya Mayer Amschel Rothschild wa Frankfurt kuwa wakala wake mwaka 1769, na kwa kufanya biashara na ukoo huo nyumba ya Rothschild ilipata sehemu ya msingi wake. Kwa hiyo anayetaka kuifuata njia ya fedha ya askari wale atajikuta katika historia ya mabenki ya Ulaya.

Msomi wa Wete aliuliza tena:

Nawashukuru nyote, na nimefarijika kuona mnatofautiana kwa hoja. Nimebakiwa na mawili. Nimesoma kwamba Malkia Catherine wa Urusi alitoka katika moja ya milki hizi. Je, ilikuwa bahati tu? Na milki 300 zilikwenda wapi, kiasi kwamba leo hatuzioni?

Mzee wa Malindi alijibu:

Catherine alizaliwa mwaka 1729 Stettin, akaitwa Sophie, binti wa Christian August wa Anhalt-Zerbst, ambaye alikuwa ofisa wa jeshi la Prussia kwa sababu mali ya ukoo haikumtosha. Haikuwa bahati tupu. Mataifa makubwa yalipotafuta mke kwa mrithi, binti wa milki ndogo alifaa: damu yake ilikuwa ya kitawala, lakini baba yake hakuwa na nguvu za kuingilia siasa za wakwe. Hivyo ndivyo Augusta wa Sachsen-Gotha alivyoolewa Uingereza mwaka 1736, na Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz akaolewa na Mfalme George wa Tatu mwaka 1761. Sophie alishika kiti cha Urusi mwaka 1762, na mwaka uliofuata akatoa tangazo la kuwakaribisha wageni wakalime ardhi ya Urusi, na maelfu ya wakulima wa Kijerumani wakahamia kando ya mto Volga, wengi wao wakitoka Hessen.

Ama mwisho wa milki, uliletwa na Wafaransa. Majeshi yao yalipochukua ukingo wa magharibi wa mto Rhine, watawala waliopoteza ardhi huko walidai fidia, na fidia ikapatikana kwa kuwanyang'anya walio dhaifu. Uamuzi wa Februari 1803 ulifuta takribani milki zote za maaskofu na kuiacha miji huru, yaani iliyokuwa moja kwa moja chini ya Kaizari, sita kati ya 51. Mwaka 1806 Napoleon aliunda Shirikisho la Rhine, watawala wengine wengi wakamezwa na majirani zao, na tarehe 6 Agosti Kaizari Franz akavua taji, Dola likafa. Baden, ambayo ndugu yetu wa Jambiani ameitaja, ilikuwa miongoni mwa waliokula vizuri zaidi katika karamu hiyo.

Waliomezwa hawakufukarishwa. Walibaki na mashamba, misitu na vyeo vyao, wakapoteza haki ya kutunga sheria na kutoza kodi. Waliobakia, wakubwa kwa wadogo, walikuwa takribani 39 katika Shirikisho la Ujerumani lililoundwa 1815, na Carl August wa Weimar alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuwapa raia wake katiba, mwaka 1816.

Iliyosalia hadi leo kama nchi huru inayotawaliwa na ukoo uleule ni moja, Liechtenstein, yenye kilomita za mraba 160 tu. Ukoo huo ulinunua Schellenberg mwaka 1699 na Vaduz mwaka 1712, si kwa kuipenda ardhi ile, bali kwa sababu ulihitaji ardhi iliyo moja kwa moja chini ya Kaizari ili upate kiti katika Baraza la Dola. Mwaka 1719 maeneo hayo mawili yaliunganishwa na kupewa jina la ukoo. Wao wenyewe waliendelea kukaa Vienna, na mtawala wa kwanza kuizuru nchi yake akiwa madarakani alifika mwaka 1842.